"Nilidhani ni gari la mbali": kisa cha taa za nyuma za pikipiki moja

Pikipiki ililetwa kwangu asubuhi ikiwa na alama moja tu: mchubuko mweusi kwenye kona ya boksi la mizigo, pale kioo cha pembeni cha gari kilipopita usiku uliotangulia. Mwenyewe ni muuguzi. Alikuwa ametoka zamu, saa nne na nusu usiku, barabara kuu isiyo na taa za njiani, mwendo wa kilomita 60 kwa saa hivi. Hakukuwa na mvua wala ukungu. Gari dogo likaja kwa nyuma, likafunga breki kwa kuchelewa mno, matairi yakalia, likampita kwa kumkwaruza. Dereva alisimama mbele, akarudi kwa miguu huku mikono inamtetemeka.

"Dada, nisamehe," alimwambia. "Taa zako nimeziona muda mrefu. Nilidhani ni gari la mbali."

Alinisimulia haya akiwa bado na sare ya kazi, kisha akaniuliza: "Fundi, taa zangu zinawaka zote. Hata nimeongeza nyingine mbili. Sasa nimekosea wapi?"

Miaka yote niliyoshughulika na umeme wa pikipiki nimezoea kusikia madereva wakisema "sikumwona". Huyu alimwona, na bado nusura amuue. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kiandikwe chote, tangu skrubu ya kwanza.

Ilivyofika

Ni pikipiki ya kawaida ya cc 125, umeme wa volti 12. Taa ya nyuma iliyotoka nayo kiwandani ni moja, iko katikati juu ya madigadi, na kioo chake ni cha plastiki nyekundu. Ndani hukaa globu moja yenye nyuzi mbili: uzi wa wati 5 kwa taa ya usiku, uzi wa wati 21 kwa breki. Namba yake ni P21/5W, au 1157 kwa wanaofuata namba za Marekani. Pini zake mbili zimewekwa kimo tofauti makusudi, ili mtu asiiingize kinyume akageuza taa ya usiku kuwa breki.

Globu hiyo sikuikuta. Ndani ya soketi kulikuwa na LED nyeupe, taa ya kielektroniki isiyo na uzi, ya umbo lile lile. Chini ya kibao cha namba, kulia na kushoto, vilibandikwa vipande viwili vya LED nyekundu, kila kimoja urefu wa kidole, vikiwa vimeachana sentimita 30. Viliungwa kwenye waya wa taa ya usiku, kwa hiyo vilikuwa vinawaka muda wote kwa ukali mmoja, breki imekamatwa au haikukamatwa. Juu ya keria kulikuwa na boksi la mizigo lililotokeza nyuma kuipita taa.

Nilimwomba anipangie mambo yalivyofuatana. Kwanza taa ya kiwandani ilianza kufifia. Akabadilisha globu, ikabaki hafifu vile vile. Akashauriwa kutia LED, naye akachagua nyeupe kwa sababu ndiyo iliyomwumiza macho zaidi alipojaribishiwa dukani. Ilipoingia ndani ya kioo chekundu ikapoa. Ndipo akaongeza vile vipande viwili, na hapo hatimaye nyuma pakawa na mwanga wa kutosha kumtuliza moyo.

Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Simlaumu hata kidogo. Lakini ukiitazama safari yote, kila dawa aliyoongeza ilifunika ugonjwa uliotangulia, na ule wa kwanza kabisa ulikuwa haujaguswa.

Skrubu yenye kutu

Kabla ya kufikiria taa mpya, niliirudisha globu ya uzi ya wati 21 na 5. Aliniangalia kwa mshangao, maana alikuja kuongeza mwanga nami nilikuwa namrudisha alikotoka. Nilitaka kujua kwa nini ile ya kwanza ilififia.

Niliwasha injini, nikamwomba akanyage breki, nikaweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa soketi. Hapo mita inatakiwa kusoma karibu na sifuri, kwa kuwa sehemu hizo mbili zinatakiwa ziwe kitu kimoja. Ilisoma volti 2.1. Upande wa chanya nao ulikuwa unapoteza volti 0.6 njiani. Betri ilikuwa na 13.6; globu ilikuwa inapata 10.9.

Mtu anaweza kuona kwamba volti 10.9 si haba. Shida ni kwamba mwanga wa uzi huanguka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Volti zikipungua kwa moja ya tano, mwanga unaobaki ni karibu nusu. Globu hii ikipata umeme wake kamili hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 440 hivi kwenye breki na lumeni 35 hivi kwenye taa ya usiku. Yeye alikuwa anatembea na nusu ya hizo, na kila aliponunua globu mpya aliipeleka kwenye njaa ile ile.

Niliufuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme betrini kupitia fremu, hadi chini ya siti, ulipofungwa kwenye fremu. Skrubu ilitoka na unga wa kutu. Chini yake rangi ya fremu ilikuwa haijawahi kukwanguliwa vizuri, na teminali ya waya ilikuwa imeota ukijani hadi ndani ya mpira. Nilipoikunja kidogo tu, nyuzi tatu za shaba zilikatika zikabaki mkononi mwangu.

Kuna dalili ya ugonjwa huu ambayo haihitaji mita. Washa indiketa, kisha kanyaga breki, na mtu mwingine asimame nyuma. Taa ya breki ikififia na kurudi kwa mdundo wa indiketa, ujue taa hizo zinagombania njia moja nyembamba ya kurudi betrini. Pikipiki hii ilifanya hivyo waziwazi, na dada aliniambia alishaambiwa na mwenzake kwamba "breki yako inapepesa", akadhani ni sifa ya LED.

Na LED ndiyo iliyouficha ugonjwa. Globu ya uzi, breki na taa ya usiku zikiwaka pamoja, huvuta karibu ampea 2. LED ile ilikuwa inavuta kama 0.15. Kwenye ukinzani, yaani ugumu wa njia kupitisha umeme, wa omu moja na kitu, ampea 2 zinapoteza volti mbili, lakini ampea 0.15 haipotezi hata robo ya volti. Kwa hiyo fundi akipima na LED ikiwa ndani atasoma namba nzuri, atafunga siti, na kutu itaendelea kula waya hadi siku utakapokatika kabisa. Ndiyo sababu napenda kupima njia ya umeme kwa mzigo mkubwa kwanza, hata kama baadaye nitafunga taa ndogo.

Nyeupe ndani ya nyekundu

Kioo chekundu hakipaki mwanga rangi, kinachuja. Kinapitisha nyekundu na kuzuia zilizobaki. Uzi wa globu umejaa nyekundu, ndiyo maana unapita vizuri. LED nyeupe imetengenezwa tofauti: ndani yake kuna chembe inayotoa bluu, imefunikwa kwa unga wa rangi ya manjano unaogeuza sehemu ya bluu hiyo. Jicho linapata nyeupe, lakini nyekundu iliyomo ni kidogo. Ikipita kwenye kioo, sehemu kubwa inaishia mle ndani na kinachotoka ni wekundu uliochujuka, unaoelekea waridi. LED nyekundu, ambayo mkononi inaonekana dhaifu, ndiyo inayopenya karibu yote.

Wanaochagua nyeupe wana hoja moja ya kweli. Taa nyingi za pikipiki zina kidirisha kisicho na rangi upande wa chini, ambacho humulika kibao cha namba. Ukitia LED nyekundu, namba nayo inamulikwa kwa wekundu na haisomeki vizuri. Dawa yake ni kuipa namba kitaa chake kidogo cheupe kinachoangalia chini.

Kioo cha pikipiki hii kilikuwa pia na ufa pembeni, na mwanga mweupe ulikuwa unavuja kuelekea nyuma. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unakataza chombo kuonyesha mwanga mweupe nyuma, isipokuwa kwa mambo machache kama taa ya kurudi nyuma na ya kumulika namba. Sababu yake ni ya uhai: mwanga mweupe humwambia aliye nyuma yako kwamba unamjia.

Taa mbili zenye kudanganya

Haya yote niliyosema mpaka hapa yanapunguza mwanga tu. Yangemfanya yule dereva aseme "sikumwona". Maneno aliyoyasema yalitoka kwa vile vipande viwili.

Usiku dereva hana umbo la pikipiki mbele yake, hana mabega ya mpandaji wala tairi. Ana nukta za mwanga. Nukta mbili nyekundu zilizo usawa mmoja ni gari. Jicho lake limefundishwa hivyo kila usiku tangu ajue kuendesha. Akishaamua ni gari, umbali anaupima kwa jinsi nukta hizo zilivyoachana, kwa sababu upana wa gari anaujua bila hata kufikiri.

Sasa chukua taa za gari zilizoachana mita 1.5, zikiwa mita 300 mbele. Gawanya 1.5 kwa 300, unapata 0.005. Chukua vipande vya dada vilivyoachana mita 0.3, vikiwa mita 60 mbele. Gawanya, unapata 0.005. Kwenye jicho la dereva picha hizo mbili zinalingana kabisa. Ukali wa mwanga ungeweza kumshtua, lakini naye hajui taa za gari la mbele zina ukali gani, kwa hiyo LED kali iliyo karibu na taa ya gari iliyo mbali hazimpi tofauti ya kuaminika.

Tuseme gari lilikuwa kwenye kilomita 100 kwa saa na pikipiki kwenye 60. Linamkaribia kwa mita 11 kila sekunde. Dereva anayeamini kuna mita 300 anaamini ana sekunde 27 za kuamua. Zikiwa 60 kwa kweli, anazo 5 na kidogo, na nusu yake inaisha kabla hajaanza kushangaa kwa nini gari lile la mbali linapanuka upesi hivyo.

Kilichoweza kumwokoa dada ni taa ya katikati. Nukta ya tatu, iliyo juu zaidi, ingevunja picha ya gari. Lakini taa hiyo ndiyo iliyokuwa imechujuka rangi, na vipande vya chini viliimeza. Nilisimama hatua mia nyuma ya pikipiki usiku uliofuata, kabla sijairudisha globu ya uzi wala kugusa kitu, kwenye uwanja mtupu, na nikaona hivyo hivyo: mistari miwili chini, na juu yake kivuli cha waridi. Nilijua kabisa ninaangalia pikipiki, nimeiegesha mwenyewe, na bado jicho lilinisukuma kuona gari.

Sisemi kila pikipiki yenye taa mbili nyuma ni ya hatari. Nyingi zina taa mbili ndani ya nyumba moja, zimebanana, na kwa mbali zinaungana kuwa kitu kimoja. Hatari ni jozi iliyoachana, usawa mmoja, bila kitu chenye nguvu katikati yake. Anayetaka kuongeza taa aziongeze kwa wima, moja juu ya nyingine.

Breki iliyokuwa gizani

Nilipokuwa pale uwanjani nilimpigia simu, yeye yuko juu ya pikipiki. "Kamata breki ya mbele." Sikuona kitu. "Tayari, fundi." Bado sikuona kitu. Nikadhani ni umbali. Nilisogea hadi hatua kumi. Taa haikubadilika.

Swichi ya mkono wa breki ya mbele ilikuwa imekufa. Na ya nyuma, kwenye kanyagio, ilikuwa imelegea hadi taa inawaka baada ya kanyagio kushuka sana, wakati tairi limeshaanza kushikwa. Muuguzi huyu, kama wengi waliofunzwa vizuri, hutegemea zaidi breki ya mbele. Maana yake kwa miezi ambayo hatujui idadi yake amekuwa akipunguza mwendo bila kumwambia yeyote aliye nyuma.

Niliumia kuliona hilo kuliko yote mengine, kwa sababu ni kitu kinachogunduliwa kwa nusu dakika. Egesha pikipiki usiku, nyuma yake ikiangalia ukuta. Kamata ya mbele peke yake, angalia ukuta. Achia. Kanyaga ya nyuma peke yake, angalia ukuta. Wengi hukamata zote mbili kwa pamoja, wanaona wekundu, wanaridhika.

Hata swichi zikiwa nzima, taa ya breki inafanya kazi kwa tofauti yake na taa ya usiku. Globu ya kiwandani ina lumeni 440 dhidi ya 35, yaani breki ni zaidi ya mara kumi na mbili. Jicho halikosi mruko huo. Kwa dada, vipande viwili vya ukali usiobadilika vilikuwa vimejaza nyuma yote mwanga, na LED ile nyeupe nayo ilikuwa na tofauti ndogo kati ya kazi zake mbili. Kutoka hatua mia, hata alipokanyaga ya nyuma, ilinibidi nikisie. Ukiongeza mwanga wa kudumu kando ya taa ya breki, unaipunguza breki, ingawa hujaigusa.

Tulichofanya

Ethi kwanza. Nilikwangua fremu kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikaweka teminali mpya na ringi ya skrubu (washa) yenye meno, nikakaza, ndipo nikapaka grisi juu ya kila kitu kuzuia maji. Zaidi ya hapo nilivuta waya wa pili, wa milimita moja ya mraba, kutoka taa ya nyuma moja kwa moja hadi hasi ya betri. Fremu ni njia nzuri ya umeme ikiwa mpya. Waya hauulizi umri wa rangi. Viungo vyote nilivibana kwa koleo badala ya kuchomelea risasi, kwa sababu risasi hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, na mtetemo wa injini huukata pembeni kidogo tu ya kiungo. Kipimo kilishuka kutoka 2.1 hadi 0.08.

Globu ya uzi ilipopata umeme wake kamili, dada alisogea nyuma ya pikipiki na kukaa kimya kidogo. "Hii ndiyo ile ya mwanzo?" Ndiyo. Tungeweza kuishia hapo, na kwa mtu asiye na nafasi ya kununua kitu kipya ningemwambia aishie hapo kwa moyo mweupe: ethi safi, globu sahihi, kioo kisicho na ufa.

Yeye alitaka zaidi, na kwa safari zake za usiku nilikubaliana naye. Hatukununua LED nyingine ya kuingiza kwenye soketi. Kioo na sahani ya nyuma ya taa vimechongwa kwa ajili ya uzi mdogo ulio mahali pamoja. LED iliyotapakaa kwenye kijiti haikai mahali hapo, na mwanga hutawanyika kusikokusudiwa. Tulichukua taa kamili ya LED, nyumba na kioo chake, iliyotengenezwa kwa aina hiyo ya pikipiki, yenye herufi E na namba ndani ya duara kwenye kioo. Alama hiyo ina maana kwamba taa yenyewe ilipimwa ukali wake, rangi yake na pembe zake. Ina pia kidirisha cheupe chake cha namba.

Faida ya LED kwenye breki ni ya kweli. Uzi unahitaji kupata moto kwanza, na hadi ufikie karibu mwanga wake wote inapita sehemu ya tano ya sekunde. LED inawaka papo hapo. Kwa gari linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa, muda huo ni mita 4 na nusu za barabara, urefu wa gari zima.

Vipande viwili nilivibandua. Karibu na kibao cha namba nilirudisha rifleketa nyekundu, kile kipande kinachoakisi mwanga, ambayo ilikuwa imevunjika zamani na hakuna aliyejali. Rifleketa haina waya, haina fyuzi, na siku umeme wote utakapokufa barabarani ndicho kitu pekee kitakachomjibu mwenye taa za mbele.

Lililobaki ni boksi. Dereva wa lori amekaa juu sana, na akiwa karibu, boksi lililotokeza linamficha taa iliyo chini yake. Kwa hiyo tuliweka taa ndogo ya breki mgongoni mwa boksi, katikati, juu kabisa. Haiwaki na taa ya usiku. Inawaka breki ikikamatwa tu. Inavuta ampea 0.2, kwa hiyo fyuzi ilibaki ile ile. Waya wake una kiungo cha kuchomoa, boksi lisije likang'olewa na waya pamoja. Pembeni mwa boksi nilibandika utepe mwekundu unaoakisi, wima, kila upande mmoja mfupi, na mmoja mrefu katikati, ili hata kwenye utepe umbo lisome juu kwenda chini.

Taa ya breki ya juu ina historia inayofaa kukumbukwa na mtu anayetarajia miujiza. Mwaka 1974 mtafiti John Voevodsky alichapisha jaribio la teksi za San Francisco zilizofungwa taa ya ziada ya breki: ajali za kugongwa nyuma zilipungua kwa asilimia 60.6. Marekani ikailazimisha kwenye magari madogo mapya kuanzia matoleo ya mwaka 1986. Charles Kahane wa mamlaka ya usalama barabarani ya huko alipopima tena, ripoti yake ya 1998 ilikuta upungufu umetulia kwenye asilimia 4.3. Taa ilipokuwa ngeni ilimshtua kila mtu. Ilipozoeleka ikabaki na faida yake halisi, ndogo lakini ya kudumu. Mimi bado naifunga. Asilimia 4.3 ya watu waliokuwa wagongwe ni watu wengi.

Dada aliomba iwe ya kupepesa. Nilimkatalia. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinaruhusu breki kupepesa kama ishara ya dharura, kwa magari ikiwa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa na breki kali sana, mapigo kama manne kwa sekunde, na kuna kipimo ndani ya gari kinachoamua. Kile kidude cha kupepesa kila ukigusa breki hakipimi kitu, na sehemu nyingi sheria hairuhusu. Badala yake nilimfundisha kugusa breki kidogo anapopunguza mwendo kwa gia, kwa sababu injini ikimshika, pikipiki inapungua kasi na nyuma hakuna taa inayosema.

Indiketa tuliziacha na globu zake za uzi. Ukitia LED, flasha ya zamani, kidude kinachozipepesa indiketa kwa kutegemea mkondo wa umeme, inapepesa kwa pupa au haipepesi kabisa, hivyo inabadilishwa pamoja nazo. Na pikipiki yenye kitaa kimoja tu cha indiketa kwenye dashibodi huweza kuwasha kulia na kushoto kwa pamoja, umeme ukivuka kupitia kitaa hicho, hadi uweke diodi mbili, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Ni kazi ya siku nyingine.

Uwanjani tena

Usiku wa pili nilihesabu hatua mia mbili badala ya mia. Nukta moja nyekundu, iliyo imara. "Mbele," nikasema kwenye simu. Ya katikati ikaruka, na ya juu ikawaka juu yake. "Achia. Sasa ya nyuma." Sikukisia hata mara moja. Kisha nikakaa kwenye kiti cha lori la jirani, pikipiki ikiwa mita sita mbele yangu. Taa ya katikati ilikuwa imefichwa na boksi kama nilivyotarajia. Ya juu ilikuwa usoni mwangu.

Mwezi ulipopita alirudi, nikapima ethi: 0.1. Rifleketa ilikuwa na tope, nikaifuta. Safari hii hakuja peke yake. Mwenzake wa zamu alikuwa na pikipiki ya aina nyingine, na chini ya kibao cha namba, kulia na kushoto, kulikuwa na vipande viwili vyekundu.

"Fundi, zangu zinawaka zote," alisema.

Nilimwomba afungue siti, nikachukua mita.